Billy Elliot: tuiangalie wapi?

Mwezi wa nane, dada mmoja anayefanya kazi katika shirika la hapa kambini alirudi kutoka likizo na DVD moja. Akanipa, akasema: "Hii ni filamu ya mtoto anayecheza baleti. Vijana wako wanaweza kuiangalia wapi?" Nikajibu bila kufikiri: "Ukumbini, dada. Wapi tena?" Akacheka, akaenda zake.

Kumbe swali lile halikuwa dogo. Hapa Nyarugusu hatuna jumba la sinema, na kutoka kwenda mjini ni habari ya kibali. Mtu wa nje anakodi filamu kwenye intaneti kwa kadi ya benki. Sisi wengi kadi hiyo hatuna, na bando la kumaliza filamu nzima ni pesa ya mboga ya siku kadhaa. Kwa hiyo filamu ikifika kwetu, inafika sehemu moja kati ya tatu: kwenye simu au kompyuta ya mtu, kwenye kibanda umiza, au kwenye ukumbi wa vijana. Hii nimeiangalia sehemu zote tatu, na ninawaambia ukweli, kila sehemu niliona filamu tofauti. Naandika hapa ni sehemu ipi naona inafaa, na kwa nini.

Kwanza filamu yenyewe. Inaitwa Billy Elliot. Ni ya Uingereza, ilitoka mwaka 2000, inachukua dakika 110. Muongozaji ni Stephen Daldry, na hiyo ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Aliyeandika hadithi ni Lee Hall. Tuko mwaka 1984, katika mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe, kaskazini mashariki ya Uingereza, upande wa Durham. Wachimbaji wamegoma kwa sababu serikali ya Margaret Thatcher inataka kufunga migodi. Mgomo huo ulitokea kweli. Ulianza Machi 1984 na ukaisha Machi 1985, karibu mwaka mzima bila mshahara, na wachimbaji walishindwa.

Billy ana miaka 11. Mama yake amekufa. Anaishi na baba yake, kaka yake mkubwa Tony, na bibi yao ambaye anasahau sahau vitu lakini hasahau kusema kwamba yeye naye angeweza kuwa mchezaji. Baba na Tony wote wako kwenye mgomo. Pamoja na shida hiyo, baba anampa Billy peni 50 aende kujifunza ndondi. Sasa chumba ambacho wasichana walikuwa wanajifunzia baleti kimechukuliwa na wagomaji, wanapikia supu ya kulisha watu. Basi darasa la baleti linahamia ukumbi wa ndondi. Upande huu ngumi, upande huu piano. Billy anachungulia, anachungulia, mwisho anajikuta amesimama kwenye mstari pamoja na wasichana.

Hapo tu nilikaa vizuri kwenye kiti. Ukumbi wetu asubuhi ni wa mkutano wa wazazi, mchana ni wa kwaya, jioni ni wa kundi la ngoma. Siku wakigawa sabuni, ngoma inahamia chini ya mwembe. Kuna mtoto wetu mmoja, leo ni mpigaji mzuri kabisa, aliingia kwenye kundi kwa sababu alikuja kupanga foleni ya sabuni. Lee Hall anaelewa jambo hilo. Mtoto hakuitwa na sauti kutoka mbinguni, ni chumba tu kilikosekana.

Sehemu ya kwanza niliyoiangalia ni peke yangu, usiku, kwenye kompyuta ya kazini, na hedifoni masikioni. Ukiiangalia hivyo, unamuona Billy. Aliyemuigiza ni Jamie Bell, mtoto wa upande huo huo wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1986. Inasemekana waliangalia zaidi ya wavulana 2,000 kabla ya kumchukua, na baadaye alipata tuzo ya BAFTA ya muigizaji bora. Alistahili. Mimi baleti siijui, siwezi kusema mguu huu umenyooka au haukunyooka. Lakini kucheza nakujua, na huyu mtoto hachezi ili apendeze. Kuna sehemu ambapo mwalimu wake, Bi Wilkinson, anakuja mpaka nyumbani kumtetea. Tony anamsimamisha Billy juu ya meza, anamwambia haya, cheza basi tuone. Mtoto anashindwa. Kisha anatoka nje anacheza njia nzima, anapiga miguu chini, anapiga kuta, mpaka anafika kwenye ukuta wa mabati na kuugonga kwa mwili wake. Sisi tunaojua sauti ya bati hatuhitaji kuambiwa yule mtoto ana nini moyoni.

Bi Wilkinson anaigizwa na Julie Walters. Anavuta sigara darasani, hasifii mtu ovyo, na hamuonei Billy huruma. Nawaomba wenzangu tunaofanya kazi na vijana tumuangalie huyu mama. Hajawahi kumwambia Billy kwamba ana ndoto. Anamwambia rudia.

Nilimaliza usiku ule nimefurahi. Mtoto amepata nafasi kwenye shule ya baleti ya London, amekuwa mkubwa, anaruka jukwaani katika Swan Lake, mwisho. Nikazima kompyuta nikalala. Nilikuwa nimeona filamu ya mtu mmoja aliyefanikiwa.

Sehemu ya pili ni kibanda umiza. Mwenye kibanda ni rafiki yangu, nikamuomba tuiweke Jumamosi kabla ya mpira. Kiingilio kilikuwa kilekile, shilingi 200. Vijana walikuja kwa sababu ya mpira, siyo kwa sababu yangu. Ndondi ilipoonekana walishangilia. Billy alipovaa viatu vya baleti, kelele zikaanza. "Toa hiyo! Weka ya mtu DJ ametafsiri!" Walikuwa na haki, maana filamu haina Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha watu wa kaskazini, kizito. Hata dada wa shirika aliniambia yeye mwenyewe anawasha maandishi ya chini. Baada ya nusu saa mwenye kibanda aliniangalia kwa huruma, akaweka mpira.

Sisemi kibanda ni kibaya. Ndipo nilipojifunza kupenda filamu. Lakini pale watu wanakuja kupumzisha kichwa, na hii inahitaji mtu wa kukushika mkono mwanzoni. Halafu jambo lingine: kibandani nyumba nzima ilikuwa wanaume na wavulana. Hapakuwa na mama hata mmoja, wala msichana.

Sehemu ya tatu ni ukumbi. Tulifunga vitenge kwenye madirisha, tukatundika shuka nyeupe, tukaazima projekta. Tulianza saa nane mchana ili watu wawe nyumbani kabla ya giza. Niliwaambia watoto wa kundi la ngoma: hakuna kuingia bila mzazi au mlezi. Walinung'unika, lakini walikuja nao. Mimi nilishika maiki, nikawa DJ. Nilitafsiri kila mtu, baba, bibi, mwalimu, polisi, wote.

Kabla ya hapo niliambiwa na wazee wawili niruke matusi. Ushauri mzuri. Filamu ina matusi mengi kweli, Uingereza yenyewe iliwekwa kwa watu wa kuanzia miaka 15. Matusi niliyafanya kuwa "mjinga" na "mpumbavu", watu wakacheka. Niliambiwa pia niruke sehemu za Michael, yule rafiki wa Billy anayevaa gauni. Hizo sikuziruka. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu naye ni mutu wa namna gani?" Nikajibu kwenye maiki, "Ni rafiki yake, mzee." Tukaendelea. Na kweli filamu nzima inamtendea hivyo, kama rafiki. Mpaka mwisho yumo.

Sasa sikilizeni ukumbi ulivyoifanya filamu. Kuna wakati baba, baada ya kumuona Billy anacheza usiku wa Krismasi, anaelewa kwamba mtoto ana kipaji, na pesa hakuna. Krismasi hiyo hiyo alikuwa amevunja piano ya marehemu mkewe ili wapate kuni. Basi asubuhi moja anapanda basi la wale waliovunja mgomo, anarudi kazini. Wenzake wanarushia basi mayai. Tony anamuona babake ndani ya basi lile, anamkimbilia, na baba analia mbele ya mwanawe, anasema ni kwa ajili ya mtoto.

Peke yangu kwenye kompyuta nilisema, baba mzuri huyu. Ukumbini vita ilianza. Mama mmoja akasimama: "Amefanya vizuri! Mgomo utamulisha mutoto?" Papa mmoja akamjibu: "Na wale wenzake, watoto wao ni mawe?" Nilisimamisha filamu. Walibishana robo saa. Mimi nilijifunza pale kitu ambacho usiku ule sikukiona: filamu inamuacha baba atoke kwenye swali hilo kirahisi. Tony anamrudisha, wenzake wanasaidia, baba anaweka rehani dhahabu za marehemu mkewe, nauli ya London inapatikana. Katika maisha, mtu akishapanda basi lile, kijiji hakisahau kwa siku moja. Naona hapo muandishi aliwapenda watu wake kiasi cha kuwaficha kidogo.

Kasoro ya pili wasichana ndio walioniambia. Katika darasa la Bi Wilkinson kuna wasichana wengi, na binti yake mwenyewe, Debbie. Kuna picha moja nzuri sana: Debbie anatembea na Billy akiburuza kijiti kwenye ukuta, ukuta unaisha, kijiti kinaendelea juu ya ngao za polisi waliopanga mstari, na yeye wala hawaangalii. Tulicheka, maana mtoto wa huku naye anazoea vitu vya namna hiyo mpaka havioni. Lakini baada ya filamu binti mmoja wa kundi letu aliuliza: "Wale wasichana walianza kabla yake. Kwa nini hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda London?" Sikuwa na jibu, na filamu haina. Inamshangaa mvulana anayecheza. Msichana anayecheza inamuona kama kiti cha ukumbini.

Safari ya London ilifanya watu wanyamaze. Ndani ya basi Billy anamuuliza baba kama amewahi kufika huko. Hajawahi, na haoni sababu, kwa kuwa London hakuna migodi. Watu walicheka kicheko cha kujua. Kisha mbele ya walimu wa shule ile, baba amekaa na koti lake, hajui mikono aiweke wapi. Kila mzazi mle ndani amewahi kukaa hivyo kwenye intavyuu, mbele ya meza, akiogopa kwamba jibu lake moja litamharibia mtoto. Wanamuuliza Billy anajisikiaje akicheza. Anatafuta maneno, anasema ni kama umeme. Mimi kwenye maiki nilisema "umeme" na watoto wote wa ngoma wakaitikia "eeeh!"

Halafu barua inafika. Billy amekubaliwa. Baba anakimbia barabarani kwenda kuwaambia wenzake, na kule anakuta habari nyingine: mgomo umekwisha, wanarudi kazini, wameshindwa. Furaha yake inafika wakati mmoja na msiba wa wote. Naona hii ndiyo sehemu bora ya filamu.

Sasa nifike pale pa kwangu. Nina mdogo wangu. Mwaka 2016 aliondoka kwenda Marekani na mama mdogo, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye faili la mama mdogo na langu halikuwemo. Alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na saba. Siku ya basi nilisimama chini ya dirisha.

Katika filamu, Billy anapoondoka, Tony anatembea pembeni ya basi, anamwambia kitu. Kioo kimefungwa, mtoto hasikii, anauliza nini? Basi linaondoka. Anachosema Tony ni kwamba atamkumbuka. Huyu ni Tony yule yule aliyemsimamisha juu ya meza. Kwenye kompyuta nilikuwa namuangalia Billy, yule anayeondoka, na sehemu ile ilinipita kama upepo. Lakini ukumbini mimi ndiye nilikuwa sauti ya Tony. Ilinibidi niyaseme maneno hayo kwenye maiki, kwa Kiswahili, na sauti haikutoka. Watu walidhani maiki imekufa. Mtoto mmoja akaja kutikisa waya. Mwishowe bibi mmoja wa mbele akasema yeye mwenyewe, taratibu, "Anamuambia atamukumbuka." Watu wakasema ahaa.

Picha inayofuata, baba na Tony wako ndani ya lifti ya mgodi, wanashuka chini. Hakuna muziki wa kuwafariji. Papa mmoja ambaye zamani alichimba dhahabu kule Misisi, Fizi, akasema, "Hao wana bahati, sisi tulishuka na kamba." Hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo filamu inaruka miaka mingi. Tunamuona Billy mkubwa jukwaani, anayemuigiza ni Adam Cooper, mcheza baleti wa kweli. Baba na Tony wamekuja kuangalia, Michael naye yuko pale, na uso wa baba unasema yote. Ni mwisho mzuri, lakini nina deni nao. Miaka yote ya katikati imeenda wapi? Billy alilia usiku wa kwanza? Aliandika barua ngapi, na zilianza kupungua lini? Tony alikula nini migodi ilipofungwa? Mgodi wa Easington, mji ambao sehemu kubwa ya filamu ilipigiwa picha, ulifungwa mwaka 1993. Filamu inajua kuondoka na inajua kufika. Kukaa haikujui sana.

Nalisema hili kwa sababu ya tulivyo sasa. Tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kuna watu hapa waliokuwa wameshapita kila hatua na bado wako. Kuwaonyesha vijana filamu ya mtoto mmoja aliyechaguliwa akatoka, halafu mwisho tukawapa karatasi waandike ndoto zao, naona ni kuwachokoza. Ndugu zangu wa mashirika, msifanye hivyo. Lakini kuwaficha filamu hii pia ni kosa, kwa sababu ndani yake wamo wengine wote: baba, Tony, bibi, Debbie, Bi Wilkinson aliyebaki peke yake kwenye ukumbi wake baada ya mtoto kuaga. Ukumbini, pamoja na wazazi, kila mmoja alipata mtu wake wa kumfuata. Kwenye simu peke yako utamfuata Billy tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada wa shirika ni lilelile, ukumbini, ila sasa najua ninachosema. Iangalieni mchana, na wazazi ndani, na mtu mmoja mwenye maiki. Watoto wa chini ya miaka 13 wasubiri kwanza. Simamisheni filamu pale baba anapopanda basi la waliovunja mgomo, muwaache watu wagombane. Msisimamishe pale pa lifti. Na mkimaliza, ngoma ipigwe. Sisi tulipiga mpaka saa kumi na mbili, na yule papa wa Misisi alicheza.

Nilimuandikia mdogo wangu aitafute. Aliiangalia kwenye simu, chumbani kwake, amevuta mbele sehemu za mgomo. Akanitumia sauti: "Yaya, huyo mutoto anacheza kabisa!" Nikamuuliza kama anakumbuka siku ya basi, na mimi nilisema nini pale dirishani. Akasema hakumbuki. Anakumbuka walipewa biskuti, na mama mdogo alimkataza kuzimaliza zote.

DVD iko kwenye ofisi ya vijana, kabati la mipira. Anayeitaka aje na waya mrefu wa umeme, wetu umekatika.